Zawadi ya Mkulima Bora

Pete iligoma kwenye kifundo cha kidole. Bibiana aliilowesha mate, akaisukuma mpaka machozi yakamlenga, nayo ikaingia. Basi lilikuwa limeshaondoka, limewaacha Mikumi mbele ya lango la hoteli, na Paulo alikuwa ameshika sanduku anamsubiri.

"Usiivue tena mpaka Jumapili," Paulo alinong'ona. "Na uniite baba watoto."

"Watoto gani, Paulo?"

"Watapatikana. Twende."

Hawakuwa mke na mume. Walikuwa mabinamu: Bibiana mjane wa Masanze, Paulo kapera aliyekwisha kuzoea ukapera wake. Lakini barua iliyopigwa taipu ilimwalika Mkulima Bora wa Pamba, mwaka ule wa sabini na mbili, akae hotelini siku tatu pamoja na mke wake, na Jumapili akabidhiwe plau na maksai wawili. Kamati ilikuwa imeliona shamba, ikaiona na pamba ghalani. Mwenyewe haikupata kumwona. Chini ya barua palipigiwa mstari: zawadi ni ya familia ya mfano. Kuhusu mkulima asiye na mke, barua haikusema neno.

Bila maksai wale, eka nne za pamba zingeendelea kummaliza mtu mgongo kwa jembe la mkono. Kwa hiyo uongo ulipaswa kusimama siku tatu. Na Bibiana alikuwa hajui kabisa kusema uongo.

Hoteli yenyewe ilimtia kiwewe. Wazungu walijianika kando ya bwawa la kuogelea kama mihogo, wakijigeuza upande wa pili jua lilipopanda. Mhudumu mmoja, Mathias, alikuja na trei mkononi na kichwa kimeinama.

"Shikamoo, Mkulima Bora."

"Marahaba, kijana," Paulo aliitikia, kana kwamba amezaliwa na cheo hicho. Kisha akamgeukia Bibiana. "Mwone yule mzungu. Kola yake imekaa upande."

"Achana na kola za watu. Kula."

Mathias hakuondoka. Mjomba wake alilima pamba Tindiga, alisema, na mwaka huu funza wa vitumba wamemwachia mabua matupu. Je, mzee anawawezaje hao funza?

Paulo alitafuna kipande cha nyama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Mama atakueleza," Paulo alisema mwishoni. "Mimi nikila siongei."

Bibiana akaeleza. Mabua yang'olewe na kuchomwa yote mara baada ya mavuno, lisibaki hata moja la kumtunzia funza makao. Mbegu ipandwe mapema, mvua ya kwanza tu. Na shamba litembelewe kila asubuhi, si kwa kusimama barabarani na kunyoosha kidole. Aliposhtuka, chai ilikuwa imepoa.

"Kumbe na mama anayajua," Mathias alisema.

"Nayasikia kwa mume wangu," Bibiana alijibu, akainamia kikombe.

Paulo alilala kitini siku zote hizo, kwa heshima zake, huku akikoroma. Kitanda kizima kilikuwa cha Bibiana, lakini godoro lile lilimmeza na usingizi ukamkimbia. Alfajiri alikuwa barazani, anatazama mawingu upande wa Kilosa na kuwaza ngedere walioachiwa shamba. Mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Siku ya pili aling'oa magugu kwenye bustani nzima ya maua, mpaka mtunza bustani akamsihi amwachie na yeye kibarua chake.

"Tulia," Paulo alimwambia. "Utatuumbua."

"Nitulieje? Wakijua, maksai ndio basi."

Jumapili ikafika. Nyuma ya hoteli palikuwa na kiwanja kitupu, na kitambaa chekundu kilichoandikwa Siasa ni Kilimo kikipigwa na upepo. Maksai walikuwa wamekwisha kufungwa nira. Bibiana alipowaona, weupe, wanene, wapole, moyo ulimpasuka kwa tamaa. Alijificha nyuma ya wageni ili uso wake usimsaliti.

"Kabla ya makabidhiano," alisema bwana shamba, "Mkulima Bora atupigie mstari mmoja wa plau. Gazeti lipate picha."

Hilo halikuwamo kwenye barua. Paulo alivua koti, akalikunja vizuri, akashika mikono ya plau kwa ncha za vidole. Maksai wakavuta. Plau ikaruka, ikaenda kombo, na jembe lake likamkwaruza maksai mmoja mguu wa nyuma. Damu ikatoka, na Paulo akaendelea kung'ang'ania.

Bibiana alikuwa amejiapiza asisogee. Lakini mnyama aliguna kwa maumivu, na kiapo kikaishia pale. Alivua viatu, akamsukuma Paulo kando kwa bega, akawasemesha maksai kwa Kisagara, polepole, kama alivyofundishwa kwenye shamba la misheni alikokulia. Wakatulia. Akakandamiza plau, na udongo ukafunguka, mstari mmoja ulionyooka mpaka mwisho wa kiwanja.

Alipogeuka ndipo alipokumbuka yuko wapi. Watu wote walikuwa wakimtazama. Alijua zawadi amekwisha kuizika kwa mikono yake mwenyewe.

Bwana shamba akaanza kupiga makofi. Alimwendea Paulo, mkono ameunyoosha.

"Ndugu, mkeo umemfundisha vizuri mno. Njoo upokee zawadi yako."

Paulo hakuupokea mkono ule. Alimtazama binamu yake, mwenye udongo mpaka vifundoni, akatikisa kichwa.

"Mzee, mimi ni fundi cherehani wa pale Dumila," alisema. "Mkulima Bora ni huyo. Barua yenu ilimtaka aje na mke. Hakuwa naye, akaazima mume."