Msuko Nyuma ya Sikio

Mwanakheri alikuwa akimfumua nywele mdogo wake, Chausiku, kabla ya upasuaji. Chunjua za kooni zilikuwa zimeota tena, na sauti yake ilibaki mkwaruzo.

"Dada, huko maabara mmefika wapi?"

"Protini ya kirusi kinachokuotesha chunjua hufanya kama mimi. Hupapasa uzi wa vinasaba mpaka itambue pa kuanzia, ishike hapo, ifumue, na kirusi kijinakili."

"Isipopaona?"

"Kirusi hakizaani. Natafuta dawa ya kupaziba."

Ulipobaki msuko mmoja nyuma ya sikio, Chausiku akamshika mkono.

"Huu uache. Utaufumua siku utakayopaziba."

Mwanakheri akamvika kofia ya upasuaji, akaufunika msuko ule, akatia kitana mfukoni mwa koti la maabara, akaenda kazini.