Kimya cha Mara Tatu

Saa tatu kamili asubuhi, neno "Nipo" halikutokea kwenye kioo.

Akiba aliinama juu ya meza, akakodoa macho. Kwa miaka sita, kila nusu saa, mkewe aliandika neno hilo akiwa kituo cha kwanza, ng'ambo ya mto, naye akamjibu "Nami nipo" akiwa kituo cha pili. Kule ng'ambo ndiko zilikokaa kompyuta zenye kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali zote. Hapa zilikaa pacha zao, zikinakili kila kitu na kungoja siku ambayo kompyuta za ng'ambo zitakufa. Ndiyo maana wenzake walimpachika jina la Akiba. Mkewe alimtania zaidi ya wote. "Mume gani huyu," alikuwa akisema mbele za wageni, "analipwa mshahara angoje mkewe azimike?"

Leo utani huo ulimchoma.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Mnara wa simu ulianguka alfajiri, na simu za mkononi hazikuwa na kazi tena. Saa mbili na nusu mkewe alikuwa ameongeza maneno: "Nipo. Maji yanaingia chini huku, ila pampu zinayatoa. Usiwe na wasiwasi, baba watoto." Baada ya hapo, basi. Hata mashine ya wachimba mtaro iliyokuwa ikinguruma langoni tangu asubuhi ilikuwa imenyamaza. Akiba alishukuru, angalau kichwa kingepumzika.

Saa tatu na nusu, kimya.

Mkurugenzi aliingia, viatu vimejaa matope. "Vipi?"

"Bado."

"Hii ya ngapi?"

"Ya pili."

Sheria waliiandika wenyewe, Akiba na mkewe, nyumbani, kwenye meza ya chakula. Kimya kikifika mara tatu, kituo cha pili kinabonyeza swichi nyekundu, umeme wa kituo cha kwanza unakatwa, kisha kompyuta pacha zinashika kazi. Umeme lazima ukatwe kwanza. Vituo viwili vikiandika kwa pamoja, kila kimoja kikidhani mwenzake amekufa, kumbukumbu zitavurugika, na mgonjwa atawekewa damu isiyo yake. Swichi hiyo ilikuwa na waya wake peke yake, uliopita juu kwa juu kwenye nguzo hadi ng'ambo.

Tatizo lilikuwa pampu. Mkewe ndiye aliyeziunga kwenye umeme wa kompyuta, pamoja na mlango wa chuma wa chumba cha chini ya ardhi zilimokaa kompyuta hizo, kwa kuwa umeme ule haukatiki kamwe. Alijivunia sana kazi ile. "Mwizi akiingia humu," alicheka siku ya kuzindua, "bila umeme hatoki."

"Labda ni waya tu," Akiba alisema.

"Waya zinazotuunganisha na ng'ambo na hospitali ziko mbili, kila moja na njia yake. Zikatike zote kwa mpigo?" Mkurugenzi alishusha sauti. "Ndugu yangu, kama wapo wangeshaandika. Na huko hospitali madaktari wanapapasa tu. Kuna watu wako kwenye vitanda vya upasuaji sasa hivi."

"Na kama yuko mle ndani?"

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani.

Akiba aliwakumbuka watoto wao wawili, walivyomcheka mama yao asubuhi alipovaa buti za baba, kubwa kuliko miguu yake. Saa nne ikafika. Alingoja dakika moja ambayo sheria haikuitoa, kisha nyingine. Kioo kilibaki kitupu. Alijiambia kwamba maji yameshinda, kwamba chumba kile kimejaa hadi darini, kwamba mkewe ama ametoka zamani ama hakutoka, na kwa vyovyote kidole chake hakiwezi tena kumdhuru. Akayang'ang'ania mawazo hayo kwa nguvu zake zote.

Akabonyeza.

Kompyuta pacha zikashika kazi, taa za kijani zikawaka safu nzima. Mkurugenzi alimwekea mkono begani. "Pole sana. Umefanya lililokupasa." Akiba alilia waziwazi, hakujali nani anamwona.

Robo saa ikapita. Kwenye kona ya kioo, pale panapohesabiwa hospitali zinazoomba taarifa, palibaki sifuri.

"Mbona hakuna hata moja inayotuuliza kitu?" Mkurugenzi alishangaa.

"Hawajajua kama tumewasha," Akiba alisema huku akipangusa uso.

Mlango ukasukumwa. Tarishi wa kituo cha kwanza, mzee anayekaribia kustaafu, alisimama pale akihema, maji yakimchuruzika kutoka kichwani hadi miguuni. Akiba aliruka kitini.

"Mke wangu?"

"Mzima!" Mzee alitabasamu. "Wazima wote watano, wamejifungia chini na kompyuta zao. Daraja limefungwa, nimezunguka kwa miguu tangu saa tatu na robo. Kasema nikupe wewe mkononi, si mtu mwingine."

Alitoa karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mwandiko ulikuwa wa mkewe, umelalia upande kama kawaida yake.

"Tumepima. Waya zote mbili zimekatwa hapo langoni kwenu zinapokutana, kwenye mtaro. Huku hospitali zote tunazihudumia, na maji yametufika magotini tu, pampu zinayaweza. Usibonyeze, baba watoto. Nipo."