Viganja vya Jumapili

Kila Jumapili, kabla ya dansi, Kavuo alisimama karibu na beseni la maji na kuwaangalia wanaume wakinawa. Hubert peke yake hakunawa. Alipita na glavu zake za pikipiki, akaenda kujipanga kama kawaida.

Dansi yenyewe ilikuwa ya Waskoti. Muuguzi mmoja wa huko aliwafundisha watu wa Mweso, jozi nne katika mraba, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, kisha vita vikamrudisha kwao. Aliacha kaseti ya akordioni na daftari. Papa Polycarpe, mwalimu mstaafu, ndiye aliyebaki na vyote viwili, na ole wake anayekosea hatua. Watu walikuja kwa wingi. Wiki nzima ni milio ya risasi milimani na wakimbizi wanaoingia; saa mbili za kuzunguka na kucheka si haba.

Kavuo hakuja kucheka. Miezi minne iliyopita, kwenye barabara ya Kitshanga, watu waliofunika nyuso walisimamisha lori alilopanda Kavuo na mume wake, Kasika, wakamchukua Kasika, wakapanda naye mlimani. Mmoja alimziba Kavuo mdomo kwa nyuma. Kavuo aliking'ata kile kiganja cha kulia hadi damu ikamjaa mdomoni, na hakusikia hata mguno. Tangu siku ile hakuna habari ya Kasika, wala maiti. Mwenye kiganja kile ndiye pekee angeweza kumwambia kama mume wake yu hai.

Lakini utaonaje kiganja cha mtu hapa Mweso? Mikono ina udongo wa shamba au mafuta ya pikipiki, watu wanasalimiana kwa kifundo cha mkono. Kwenye dansi tu kila mtu alinawa na kutoa kiganja kizima. Kati ya wanaume kumi na wawili wa dansi, kumi na mmoja alikwisha kuwashika. Bado mmoja.

Siri hiyo aliijua Consolée tu, jirani yake, aliyekuja kila Ijumaa kumkumbatia na kusali naye, rozari mkononi, ili Kasika arudi.

“Muangalie Hubert, dada,” Consolée alikuwa amemwambia. “Muntu mwenye anaficha mikono, iko na kitu alifanya.”

Jumapili hii Papa Polycarpe alichoshwa na zile glavu.

“Hubert, toa ile vitu, unawe. Hapa hatuko ku pikipiki.”

Hubert alinung'unika, akavua, akaja kusimama kushoto kwa Kavuo, mwenzi wake wa leo. Duara lilipoanza, Kavuo alikishika kile kiganja cha kulia kwa nguvu na kukipapasa chote kwa kidole gumba. Kilikuwa na upele tu, maskini, na mwenyewe alitazama chini kwa aibu. Kavuo alitaka kulia. Kumi na wawili, na hakuna.

“Sasa figure ya mupya,” Papa Polycarpe alisema, daftari mkononi, wazi kwenye mchoro wa hatua nyingine. “Ni mara ya kwanza tunaifanya. Wamama wanapita katikati, kila moja anapatia mama mwenzake mukono ya kuume.”

“Hiyo tuache, Papa,” Consolée alisema kutoka upande wa pili wa mraba. “Itatuchanganya.”

“Tutajifunza.”

Akordioni ikaanza. Kavuo hakuwa na haja tena ya kucheza. Miguu ilikwenda yenyewe. Alifika katikati, akanyoosha mkono, ukapokewa na mkono wa Consolée. Kidole gumba cha Kavuo kilipita kiganjani, juu ya makovu madogo madogo, yamejipanga nusu duara.

Consolée hakumwachia. Alimtabasamia Papa Polycarpe, akamzungusha Kavuo polepole, akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

“Endelea kucheza, dada. Kama unasimama, Kasika hatarudi.”