Sungura wa Barazani

Hidaya alikaa barazani, mbele ya macho ya mtaa mzima, akifuma sungura wa uzi kwa ajili ya mjukuu ambaye hajazaliwa.

"Dada, ingia ndani!" Kibibi, mdogo wake, alinong'ona. "Vitu vya mtoto haviandaliwi kabla hajazaliwa. Unatafuta balaa?"

"Mwaka jana tulificha hata nepi, na mtoto tukamzika. Kuficha kulitusaidia nini?"

Mlangoni alikuwa amesimama Sikitu, binti wa Hidaya, mwenye mimba ya miezi minane. Tangu mimba hiyo ianze hakuwahi kulitamka neno mtoto.

"Mama, unafuma nini?"

"Una macho, tazama."

Sikitu alimchukua sungura, akamgeuzageuza. Kibibi alifumba macho.

"Masikio mafupi haya," alisema Sikitu. "Mtoto atashika wapi?"

"Basi keti uyafumue, nikufundishe kuyaanza upya."

Sikitu alijishusha taratibu mkekani, akavuta uzi. Masikio yakafumuka mstari kwa mstari, na uzi wa njano ukamjaa mapajani, chini ya tumbo.