Karani wa Posta Hacheki

Kwa mara ya tatu mchana ule, Fidahussein alipanda juu ya mizani ya bafuni na kujibandika kipande cha karatasi kwenye paji la uso.

"Karani," alisema, "nipime. Nataka kutumwa Tanga."

Crispus, aliyeketi mbele yake kwenye kiti cha plastiki, hakucheka. Hakupepesa hata jicho. Miguuni pake palikuwa na kidimbwi kidogo cha maji. Fidahussein alikiona, akageuza uso kwa haya. Maskini Crispus, kumbe amefika huko.

Alishuka, akavuta pumzi, akavaa vizuri ndara zake. Nje ya dirisha la makao ya wazee, ghorofa ya nne pale mtaa wa Rexdale, ughaibuni, mabasi ya barabara ya Kipling yalipita na theluji migongoni. Wazee wawili, kila mmoja kashapita miaka sabini na tano, na kazi moja tu imebaki: Crispus acheke, mara moja tu, kabla hawajafa.

Na si kicheko hivi hivi. Mwaka 1971 walikuwa wanafunzi London, huyu mtoto wa duka la vitambaa Tanga, yule mtoto wa katekista wa Muheza. Wakakutana na Waingereza watatu wasio na kazi ya maana, wakaunda kikundi cha vichekesho, wakakiita Viberiti Vibichi. Walianzia chumba cha nyuma cha baa, watazamaji tisa, wawili wamelala. Miaka mitatu baadaye walikuwa kwenye televisheni, na Jumamosi jioni Waingereza walikuwa radhi chakula kiungue, lakini mchezo wao wa Posta usiwapite.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mtu aliyechoshwa na baridi anakwenda dirishani posta, anaomba atumwe kwao kama kifurushi. Anabembeleza, anapanda mizani, anajibandika stempu. Karani yupo tu, jiwe, hasemi neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha mteja anatamka sentensi moja ya kufungia, na lile jiwe linapasuka kwa kicheko. Wallahi, watu walikuwa wanaanguka vitini. Sheria aliitunga Fidahussein mwenyewe: karani hasogezi mdomo mpaka aisikie ile sentensi.

Leo vijana wa vichekesho wanawataja Viberiti Vibichi kama babu zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaona. Kituo cha televisheni kilifuta kanda zote ili kurekodia mpira. Waingereza wote watatu wameshazikwa. Posta ilibaki katika vichwa viwili tu, na kimoja, kwa alivyoona Fidahussein, kilikuwa kimekwisha.

Genoveva, nesi wa zamu, Mtanzania mwenzao, aliingia na kikombe kimoja cha chai na vidonge.

"Mzee Fida, mizani hiyo itakuangusha."

"Na mwenzangu? Chai yake iko wapi?"

"Amesema hataki."

"Amesema? Huyu?" Fidahussein aliguna. Crispus hakuwa amefungua mdomo mbele yake kwa wiki nyingi. Hata nesi sasa ameshamkatia tamaa, mpaka anamsemea uongo. Iliuma.

Mtu pekee aliyewahi kucheka chumbani humo alikuwa mzee mmoja mgeni, siku ya theluji ya kwanza. Sijui aliingiaje. Alikikalia kiti cha Crispus, akacheka mpaka machozi, akamshika Fidahussein mikono na kumwita ndugu yangu. Fidahussein hakumjua. Alipiga kelele mpaka yule mzee akatolewa, na moyo wake haukutulia mpaka kesho yake alipomkuta Crispus kwenye kiti kile kile, na uso wake ule ule wa jiwe.

Alimeza vidonge, akapanda tena mizani.

Safari hii alicheza kama zamani. Alimbembeleza karani kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kikachi cha mama yake. Alipiga magoti, akainuka kwa kushikilia kitanda. Alilamba karatasi, akajibandika usoni. Genoveva alisimama mlangoni na sinia lake, akasahau kuondoka.

Hapo ilikuwa zamu ya Crispus kusema. Fidahussein alikuwa na hakika. Alisubiri.

"Sema basi," alinong'ona. "Kama umesahau kila kitu, bwana, sema hilo moja tu."

Taya la Crispus lilitetemeka kidogo, likakazana.

Karatasi ilidondoka kutoka usoni kwa Fidahussein, wala hakuiokota. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema taratibu. Alijilaza kitandani, akageukia ukutani, akalia bila kujificha. Alimlilia rafiki yake ambaye bado anapumua, na hakuna msiba mzito kama huo.

Saa kumi na moja jioni kengele ililia. Genoveva alimfunika Fidahussein blanketi, akamvua ndara, akazipanga chini ya kitanda.

Crispus aliinuka. Alikung'uta maji ya theluji yaliyobaki kwenye viatu vyake, akachukua koti lake nyuma ya mlango, na pale ukumbini akasaini daftari la wageni, chini ya sahihi zake za wiki nzima. Basi la kumrudisha kwake Mount Dennis lingepita baada ya dakika kumi.

"Leo kafika penye stempu," alimwambia Genoveva aliyemsindikiza. "Bado ile sentensi yake moja."

"Lakini babu, kwa nini usimchekee tu hivyo hivyo?" Genoveva aliuliza.

Crispus alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Nilimchekea, mwanangu, siku ya theluji ya kwanza. Si wewe uliyenitoa?"