Abiria Sitini wa Gramu Tisa

Kudra alikuwa amepima kila nati kwa mzani wa kupimia dhahabu: gramu tisa. Katika mfano wa boti aliyoibuni, nati moja ilikuwa abiria mmoja. Nati sitini zilikaa kwa safu, thelathini kila upande, na boti ikaelea wima kwenye bwawa la kuoshea mchanga wa dhahabu, kwenye machimbo ya Kharumwa.

"Nimeridhika," alisema mfadhili aliyetoka Shinyanga, akatoa kalamu kusaini mkataba wa kuijenga. Kudra alikuwa ameisubiri saini hiyo kwa miaka minne.

Mama mmoja aliyekuwa akiosha mchanga huku akiwasikiliza alisogea, karai mkononi.

"Mwanangu, hao abiria wako ni maiti?"

"Kwa nini, mama?"

"Mbona wametulia? Sisi tukisafiri ziwani, tukiona mwalo boti inapotia nanga, wote tunasimama na mizigo yetu upande wa kushukia. Hakuna anayekubali kuwa wa mwisho."

Mfadhili alicheka. "Mama, hii ni sayansi. Rudi kwenye karai lako."

Kudra hakucheka. Alikuwa amekokotoa upepo, mawimbi na uzito wa mafuta. Hilo hakuwa amelikokotoa.

"Subiri kidogo, mzee."

Alianza kuhamisha nati za kulia kwenda kushoto, moja moja. Ya kumi ilipotua, boti iliinama. Ya ishirini ilipotua, maji yaligusa mstari mwekundu aliouchora mwenyewe kuwa mwisho wa usalama.

"Inatosha, mhandisi," alisema mfadhili. "Maji hayajaingia. Acha hapo nisaini."

Upande wa kulia zilibaki nati kumi.

Kudra akachukua ya ishirini na moja.