Nimechagua Lugha ya Baba

Siku hizi somo halifundishwi. Linahamishwa kutoka kichwani mwa mzazi, naye habaki nalo. Kaka yangu Mbwana alipoingia kidato cha kwanza, baba alimshawishi achague Hisabati ya mama. Tangu hapo mama, fundi cherehani, hawezi kupima hata kola, na baba humcheka mbele ya wateja: "Kichwa maji wewe!"

Mwaka huu ilikuwa zamu yangu.

"Chagua Ushonaji," baba aliniambia mbele ya mwalimu. "Haumsaidii mama yako tena."

"Samahani, baba," nilijibu kwa adabu zote. "Nachagua Lugha. Yako."

Baba ni dalali mnadani. Mdomo ndio jembe lake. Jioni ile alitaka kugomba kwa sababu chai imepoa, akabaki anaguna kama mtoto mchanga. Nilimtazama mpaka roho yangu ikasuuzika.

Kisha mama akakosea kipimo, akaharibu kitambaa cha mteja. Kabla sijajizuia, mdomo wangu ukafunguka.

"Kichwa maji wewe!"

Mama akainama. Baba akaacha kuguna, akanitazama, akatabasamu.